UZI: Mipangilio ya ubora wa picha na sauti unaporekodi skrini ya kompyuta

#1 Kinasa_Skrini

Wakuu, maswali ya kurekodi skrini yametapakaa kwenye nyuzi nyingi na majibu yanagongana. Naweka hapa mpangilio mmoja kamili, anayetaka kuupinga aupinge hapahapa. Mfano wangu ni OBS Studio kwa kuwa ni ya bure na inapatikana Windows, macOS na Linux, ila namba zinafaa kwenye programu yoyote inayokuruhusu kuzigusa.

Kwanza tukubaliane kwamba skrini si kamera. Picha ya kamera ina ulaini wake wa asili, ikipungua makali kidogo hakuna anayeshtuka. Skrini imejaa herufi zenye kingo kali za upana wa pikseli moja, inakaa tuli sekunde nyingi, halafu ghafla ukurasa mzima unabadilika. Karibu kila uamuzi hapa chini unatokana na tabia hiyo.

Nenda Settings > Video. Base Resolution iwe sawa na resolusheni ya skrini yako, na Output Resolution iwe sawa na hiyo Base. Skrini ikiwa 1920×1080, zote mbili 1920×1080. FPS (fremu, yaani picha, kwa sekunde) weka 30 kwa mafunzo, slaidi na maonyesho ya programu. 60 kwa gemu au kitu chenye mwendo mkali. 24 achana nayo. Skrini nyingi hujichora mara 60 kwa sekunde; 60 ukigawa kwa 30 unapata 2 kamili, ukigawa kwa 24 unapata 2.5, kwa hiyo fremu moja inakaa muda mrefu kuliko jirani yake na ukurasa unaosogezwa unaonekana kurukaruka.

Kisha Settings > Output, badili Output Mode iwe Advanced, fungua Recording:

Format: MKV
Encoder (enkoda, yaani kinachobana video): ya kadi ya picha kama ipo (NVENC ya NVIDIA, QuickSync ya Intel au AMF ya AMD), kama haipo x264, inayotumia prosesa
Rate Control (namna enkoda inavyoamua biti za kutumia): CRF, CQP au ICQ, yoyote utakayoikuta, namba 20
Keyframe Interval (muda kati ya fremu zinazoandikwa nzima): sekunde 2
Kwa x264: preset (kasi ya kubana) "veryfast"

MKV nimeiweka makusudi. MP4 ya kawaida huandika faharasa yake mwishoni kabisa unapobonyeza kusimamisha. Umeme ukikatika kabla ya hapo, faili linabaki na picha zote ndani lakini hakuna kichezeshi kitakacholifungua. MKV ikikatika katikati unapoteza sekunde za mwisho tu. Ukimaliza, File > Remux Recordings inaigeuza kuwa MP4 bila kugusa ubora. OBS kuanzia toleo 30.2 ina pia Hybrid MP4, nayo inavumilia kukatika.

Sauti: Settings > Audio, Sample Rate 48 kHz. Output > Audio, kilobiti 160 kwa sekunde kwa kila traki. Habari za maiki namwachia Fundi Desibeli, akipita.

#2 kokoto88

Asante mkuu. Swali: CRF naiona kwenye x264 tu. NVENC inanipa CQP, na mashine ya Intel inanipa ICQ. Hiyo 20 ni ileile kote?

#3 Kinasa_Skrini

Wazo ni lilelile, namba hazilingani kikamilifu. Zote tatu unaiambia enkoda "nipe ubora huu, biti tumia unazohitaji". CQP inabana kila fremu ya aina moja kwa kiwango kilekile. CRF na ICQ zina akili kidogo: palipo na mwendo mkali ambapo jicho halioni vizuri zinabana zaidi, palipotulia zinalegeza. Ndiyo maana CQP 20 kwa kawaida hutoa faili kubwa kuliko CRF 20.

Anza na 20, rekodi dakika moja ya kazi yako halisi (usirekodi eneo la kazi tupu, halikufundishi kitu), kisha itazame kwa ukuzaji wa asilimia 200. Namba ikipanda ubora unashuka. Kwa x264, kupanda kwa 6 kunapunguza bitireti (biti kwa sekunde) karibu nusu, kwa hiyo ukitoka 20 kwenda 23 tofauti ya ukubwa utaiona, wakati herufi mara nyingi hutaona zimebadilika. Chini ya 16 unajaza diski tu.

#4 Jabali_la_Data

Mnawachanganya watu. CBR (bitireti isiyobadilika), 40,000 Kbps, habari imeisha. Ubora wa uhakika, hakuna kupima pima.

#5 BitiNaBaiti

@Jabali_la_Data tupige hesabu. Megabiti 40 kwa sekunde, mara sekunde 3,600, gawa kwa 8: megabaiti 18,000. GB 18 kwa saa moja ya mtu anayesoma slaidi. Slaidi hiyohiyo kwa CRF 20 inaweza kushuka chini ya megabiti 1 kwa sekunde ikitulia, maana fremu inayofuata haina jipya la kuandikwa.

CBR ina mahali pake, nako ni matangazo ya moja kwa moja, ambapo mtandao unataka mtiririko usiopandapanda. Diski haina shida hiyo.

Na hatari kubwa ya CBR haiko kwenye 40,000. Iko kwa anayeikuta imewekwa 2,500 akaiacha hivyo. Ukurasa ukisogezwa, enkoda inahitaji biti nyingi kwa mkupuo, inagonga dari, maandishi yanakuwa uji kwa nusu sekunde halafu yanasafika. Kwa hiyo kipimo cha haraka kwa yeyote mwenye rekodi mbaya:

Maandishi yakichafuka wakati wa mwendo kisha yakasafika yenyewe, bitireti haitoshi.

Maandishi yakiwa na ukungu muda wote, hata skrini imetulia, resolusheni imebadilishwa mahali fulani. Kuongeza bitireti hapo ni kazi bure, utahifadhi ukungu uleule kwa gharama kubwa zaidi.

#6 Jabali_la_Data

Hiyo ya ukungu wa kudumu nakubali. Ila kwa gemu bado nashikilia bitireti kubwa.

#7 BitiNaBaiti

Kwa gemu CQP yenyewe itapandisha bitireti hadi huko huko ikihitaji. Tofauti ni kwamba kwenye menyu na sehemu za kupakia itashuka.

#8 siti_wa_slaidi

Kompyuta yangu ni 1366×768. Niweke Output 1920×1080 ili video iwe HD?

#9 mama_pikseli

Hapana, dada. Ukivuta pikseli 1366 ziwe 1920, programu inabuni pikseli ambazo hazikuwepo, na herufi zinavimba kingo. Faili linakua, taarifa haziongezeki.

Kushusha hadi 1280×720 nako kuna mtego. Chukua herufi "l" nyeusi kwenye karatasi nyeupe: ni mstari wa upana wa pikseli moja. Ukiupunguza kwa uwiano usio kamili, mstari huo unaangukia katikati ya pikseli mbili, na kwa kuwa hakuna nusu pikseli, kila moja inachukua sehemu ya weusi. Badala ya mstari mweusi mmoja unapata mistari miwili ya kijivu. Zidisha hilo kwa ukurasa mzima. Hata skrini ya 1920×1080 ikishushwa hadi 1280×720 inakutana na hili, kwa kuwa uwiano wake ni 1.5. Uwiano unaoshuka vizuri ni wa 2 kamili: 3840×2160 kwenda 1920×1080, au skrini ya Mac ya 2880×1800 kwenda 1440×900.

Chaguo lako liko hivi. Rekodi 1366×768 bila kuipandisha wala kuishusha (OBS yenyewe itapunguza upana uwe 1364, unaogawika kwa 4), faili litacheza popote. Au ukitaka 720 kamili, badilisha resolusheni ya Windows yenyewe iwe 1280×720 kabla ya kurekodi. Kwenye kioo cha laptopu utaona ukungu, usiujali, maana OBS inachukua picha kabla haijavutwa ijae kioo. Rekodi inatoka na makali yake yote.

Kingine: 1366×768 si 16:9 kamili, imezidi kidogo sana. Ukiilazimisha ndani ya 1280×720 utabaki na kimstari cheusi juu au chini, au picha itavutwa kidogo. Watu hutafuta kimstari hicho kimetoka wapi kwa masaa.

Ikibidi kushusha kwa uwiano mbaya, basi Downscale Filter iwe Lanczos. Bilinear ndiyo inayolainisha zaidi.

Na kabla ya yote hayo, kuza maandishi kwenye chanzo. Kivinjari kiwe asilimia 125 hadi 150, fonti ya kihariri cha msimbo 18 au zaidi. Atakayetazama kwenye simu hasaidiwi na CRF yoyote kama herufi ni ndogo kuliko punje ya mtama.

#10 kokoto88

Niulize jingine. Msimbo wangu una rangi: maneno mekundu na ya bluu kwenye mandhari nyeusi. Maandishi meupe yanatoka safi, mekundu yanatoka kama yamelowa maji. Nimeshuka hadi CRF 14 hayabadiliki.

#11 mama_pikseli

Hayatabadilika. Hiyo ni Color Format, iko Settings > Advanced, na kwa kawaida imewekwa NV12.

NV12 inahifadhi mwanga wa kila pikseli, lakini rangi inahifadhi moja kwa kila pikseli nne, mbili kwa mbili. Macho yetu huona mwanga vizuri kuliko rangi, kwa hiyo kwenye picha ya kawaida hujui kilichopotea. Tatizo ni kwamba nyekundu tupu ina mwanga mdogo. Kwenye kanuni ya Rec. 709 (ya rangi za video za HD) kijani kinabeba 0.7152 ya mwanga, nyekundu 0.2126, bluu 0.0722 tu. Herufi ya bluu kwenye nyeusi karibu habari yake yote iko upande wa rangi, yaani upande uliopunguzwa hadi robo. Mstari mwekundu wa pikseli moja unagawana rangi na weusi wa jirani, unakuwa wa hudhurungi iliyofifia na kivuli pembeni.

Ukibadili iwe I444 kila pikseli inapata rangi yake na tatizo linaisha, ila si kila enkoda itaikubali, na vifaa vingi (simu, televisheni, vivinjari kadhaa) havichezi H.264 ya aina hiyo. Tovuti za video nazo zitairudisha kwenye mfumo wa kawaida ukipandisha. Inafaa kwa faili utakalolihariri kwanza.

Njia rahisi ni kubadili mandhari ya kihariri: maandishi meupe, ya manjano, ya kijani kibichi au samawati iliyokolea mwanga. Au mandhari nyeupe yenye herufi nyeusi, ambayo haikuangushi. Fonti ikiwa nene pia inasaidia, kwa kuwa mstari wa pikseli mbili au tatu una nafasi ya kubeba rangi yake.

Hapohapo Advanced: Color Space 709, Color Range Limited. Full inavutia kwa jina, lakini kichezeshi kisichoisoma vizuri kinaua maelezo ya kwenye weusi na weupe, au kinageuza nyeusi kuwa kijivu.

#12 Fundi Desibeli

Nimepita. Mtazamaji anavumilia picha hafifu kuliko sauti mbaya, na sauti mbaya haiponywi na bitireti. Kilobiti 160 za AAC (mfumo wa kubana sauti) zinatosha. Ukiweka 320 kwa maiki iliyo umbali wa mita moja kwenye chumba chenye kuta tupu, utahifadhi mwangwi wa chumba kwa uaminifu mkubwa.

Kwa hiyo anzia umbali. Mdomo na maiki viwe sentimita 15 hadi 20, maiki ikae pembeni kidogo ya njia ya pumzi ili "p" na "b" zisipige. Umbali ukipungua nusu, sauti yako inapanda karibu desibeli 6 huku kelele za chumba zikibaki palepale. Hakuna kichujio kinachokupa faida hiyo bila gharama.

Kisha Windows yenyewe. Fungua Sound ya Control Panel, Recording, maiki yako, Properties, Advanced: chagua 48000 Hz. Rudi Playback, fanya vivyo hivyo kwa kifaa cha kutolea sauti. Zima "enhancements" zote. Halafu fungua Communications, na hapa ndipo wengi hawafiki: Windows imewekwa ipunguze sauti nyingine kwa asilimia 80 ikihisi kuna simu au mkutano. Chagua "Do nothing", la sivyo ukirekodi mkutano sauti ya kompyuta inazama bila sababu inayoonekana.

Kiwango. Mita ya OBS ni kijani hadi -20, manjano kutoka -20 hadi -9, nyekundu kuanzia -9 hadi 0. Sauti ya kuongea icheze kwenye manjano, vilele viguse karibu na -10. Ikigonga 0 inapasuka na hairekebishiki baadaye, kwa sababu kilele kilichokatwa hakijaandikwa popote. Sauti ya kompyuta ikiwa chini ya maneno, iache desibeli 15 hadi 20 chini ya sauti yako. Kurekebisha maiki anzia kwenye kitufe cha sauti cha maiki yenyewe au Windows. Kitelezi cha OBS kikishushwa hakiokoi sauti iliyopasuka kabla ya kukifikia.

Vichujio kwa mpangilio huu: Noise Suppression (RNNoise, hupunguza kelele), kisha Compressor (hupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo), mwisho Limiter (huweka dari ya sauti). Compressor ya OBS inakuja na uwiano 10:1, ambao unaminya mno. Weka 3:1 au 4:1, Threshold -18, Attack 6, Release 60. Limiter -3. Noise Gate mimi siipendi kwenye mafunzo. Inafunga mlango kila ukinyamaza, mwisho wa maneno unakatwa, na ukimya wa ghafla kati ya sentensi unachosha kuliko feni. Ukiihitaji, kizingiti cha kufunga kiwe chini ya cha kufungulia kwa desibeli 6 hivi, kama -38 na -32.

Rekodi traki tofauti. Edit > Advanced Audio Properties: traki 1 iwe mchanganyiko wa vyote, traki 2 maiki peke yake, traki 3 kompyuta peke yake. Kisha Output > Recording weka alama kwenye 1, 2 na 3. Vichezeshi vingi hucheza ya kwanza tu, kwa hiyo mtazamaji hasumbuliwi, na wewe ukikohoa juu ya muziki una pa kukatia.

#13 siti_wa_slaidi

Fundi, hedifoni za Bluetooth zenye maiki je?

#14 Fundi Desibeli

Kusikilizia sawa, maiki yake usiitumie. Maiki ya Bluetooth ya kawaida ikiwashwa, kifaa kinahamia kwenye hali ya simu: sampuli 8 au 16 kHz, mono, na hata unachosikiliza kinaharibika. Kuweka 48 kHz ndani ya OBS hakurudishi kilichokwishakatwa. Maiki iliyojengwa ndani ya laptopu, ukiisogelea, mara nyingi inaishinda.

#15 Mzee wa Kebo

Sauti yangu inasikika mbili mbili, kama niko kwenye pipa. Vichujio vyote nimejaribu.

#16 Fundi Desibeli

Mzee wangu, kuna sababu nne, zikague kwa mfuatano huu.

Maiki imeingizwa mara mbili: mara moja kwenye Settings > Audio (Mic/Aux), mara ya pili kama chanzo ndani ya Scene. Angalia Audio Mixer. Ukiona pau mbili zinacheza pamoja ukiongea, futa moja. Hii ndiyo yenye "pipa", kwa kuwa nakala mbili zinapishana milisekunde chache tu.

Spika zimewashwa na maiki inazisikia. Vaa hedifoni.

"Listen to this device" imewashwa kwenye sifa za maiki ndani ya Windows. Sauti yako inatoka kwenye kompyuta, kisha Desktop Audio inaikamata tena.

Audio Monitoring imewekwa "Monitor and Output" na kifaa cha kusikilizia ni kilekile kinachorekodiwa na Desktop Audio. Irudishe "Monitor Off".

Ikiwa tatizo ni sikio moja tu linasikia, hilo ni lingine: weka alama ya Mono kwenye Advanced Audio Properties.

#17 Mzee wa Kebo

Ni ile ya kwanza. Pau mbili. Ahsante sana.

#18 mhariri_usiku

Suala la sauti kuachana na picha lisiachwe. Kuna aina mbili na watu wanazitibu kwa dawa moja.

Aina ya kwanza: sauti imetangulia au imechelewa kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho. Kwa kawaida ni kamera ya USB inayochelewesha picha. Rekodi ukipiga kofi moja, fungua kwenye kihariri, hesabu fremu kati ya mlio na mikono kukutana. Kwa FPS 30 kila fremu ni milisekunde 33.3, kwa hiyo fremu 3 ni 100. Weka 100 kwenye Sync Offset ya maiki. Namba chanya inachelewesha sauti.

Aina ya pili: mwanzo viko pamoja, dakika ya 40 vimeachana kwa sekunde nzima. Hapo Sync Offset haina msaada. Mara nyingi rekodi ina kasi ya fremu inayobadilika. Virekodi vya simu na vile vilivyojengwa ndani ya mifumo, kama Game Bar ya Windows, huruka fremu skrini ikitulia au mashine ikizidiwa. Kichezeshi kinasoma alama za muda na kinaenda sawa. Kihariri kinachodhani kila fremu ina urefu mmoja kinapotea. Dalili yake ni hiyo: kwenye kichezeshi iko sawa, kwenye kihariri imeachana. Geuza kwa ffmpeg (programu ya bure ya kuandikia amri) kabla ya kuingiza kwenye kihariri:

ffmpeg -i chanzo.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 18 -c:a copy tayari.mp4

HandBrake nayo inafanya hivyo, chagua Constant Framerate kwenye Video. Kama imeachana hata kwenye kichezeshi, rudi kwa alichosema Fundi kuhusu 48000 Hz kwenye vifaa vyote.

#19 kokoto88

Na "Encoding overloaded!" inayotokea chini ya dirisha?

#20 BitiNaBaiti

Fungua Stats kwenye menyu ya Docks, usibahatishe. Kuna mistari mitatu ambayo watu wanaichanganya.

"Skipped frames due to encoding lag": enkoda haifikii kasi. Kwa x264 shuka preset, veryfast kwenda superfast, au hamia enkoda ya kadi ya picha. NVENC na QuickSync zina kipande chao maalumu ndani ya chipu, hazigombanii prosesa na kazi yako. Kumbuka kwamba preset ya haraka kwa CRF ileile inaongeza ukubwa wa faili kuliko inavyopunguza ubora, kwa hiyo usiiogope.

"Frames missed due to rendering lag": kadi ya picha imejaa kabla hata ya kufika kwenye enkoda. Kubadili enkoda hakusaidii. Weka kikomo cha FPS ndani ya gemu, washa V-Sync, au fungua OBS kama msimamizi ili Windows iipe kipaumbele kwenye kadi.

"Dropped frames": huo ni mtandao, unahusu matangazo ya moja kwa moja tu. Kwenye kurekodi upuuze.

Laptopu iwe kwenye chaja. Kwenye betri prosesa inapunguza kasi, na mpangilio uliofanya kazi asubuhi unaleta tahadhari jioni.

#21 siti_wa_slaidi

Skrini nyeusi kabisa, kipanya tu ndicho kinaonekana. Laptopu ina kadi mbili.

#22 mama_pikseli

OBS imefunguka kwenye kadi moja, skrini inachorwa na nyingine. Kwenye sifa za Display Capture badili Capture Method iwe "Windows 10 (1903 and up)". Ikigoma, Windows Settings > System > Display > Graphics, ongeza OBS, chagua Power saving, funga OBS na uifungue upya. Kwa kurekodi gemu fanya kinyume, High performance. Video za kulipia zinazokuja nyeusi ndani ya kivinjari ni kinga ya hakimiliki, hiyo si hitilafu.

#23 Ngwini_Mtulivu

Kwa wa Linux: kama unatumia Wayland (mfumo mpya wa kuchora skrini) chanzo chako ni Screen Capture (PipeWire), ile ya XSHM (ya mfumo wa zamani, X11) itakupa weusi. Wa Mac: OBS 28 na kuendelea, juu ya macOS 13 na kuendelea, inachukua sauti ya kompyuta moja kwa moja kupitia macOS Screen Capture. Ukishaipa ruhusa kwenye Privacy & Security, funga programu uifungue tena.

#24 Jabali_la_Data

Nyongeza: rekodi ikisimama yenyewe kila ikifika GB 4, diski au fleshi imefomatiwa FAT32. Badili iwe exFAT au NTFS. Nakili data kwanza, kufomati kunafuta vyote.

#25 siti_wa_slaidi

Swali la mwisho kwangu. Somo ni dakika 20, mfumo wa kupakia unakubali MB 100 tu. Nirekodi kwa bitireti ndogo tangu mwanzo?

#26 mhariri_usiku

Rekodi kwa ubora wa kawaida, bana baadaye. Wakati wa kurekodi enkoda inaharakishwa. Baadaye ina muda wa kutosha na inaweza kulipitia faili mara mbili, ya kwanza kujua wapi pana mwendo, ya pili kugawa biti.

Hesabu: MB 100 mara 8 ni megabiti 800. Dakika 20 ni sekunde 1,200. 800 kwa 1,200 ni kama kilobiti 667 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Sauti ya kuongea kwa mono ipe 64, picha 550, inayobaki ni akiba. Jumla 614, sawa na MB 92 hivi.

ffmpeg -i somo.mkv -vf fps=15 -c:v libx264 -preset slow -b:v 550k -pass 1 -an -f null NUL

ffmpeg -i somo.mkv -vf fps=15 -c:v libx264 -preset slow -b:v 550k -pass 2 -c:a aac -b:a 64k -ac 1 -movflags +faststart somo.mp4

Kwenye Linux na Mac andika /dev/null badala ya NUL. Nimepunguza fremu hadi 15 na resolusheni sijaigusa: kwenye slaidi kipanya kitakwama kwama kidogo, lakini maandishi yatasomeka. Ile faststart inahamishia faharasa mwanzoni ili video ianze kucheza kabla haijashuka yote.

#27 mama_pikseli

Aliyerekodi kwa I444 aongeze -pix_fmt yuv420p kwenye amri zote mbili, kabla ya -b:v. Akisahau, faili litacheza kwake na kugoma kwenye simu za wanafunzi.

#28 Fundi Desibeli

Na mwenye traki tatu ajue ffmpeg itachukua moja tu. Kwa amri hiyo ya kubana ongeza -map 0:v:0 -map 0:a:0 kwenye ya pili ili upate ile ya mchanganyiko bila kubahatisha. Ukitaka kugeuza MKV kuwa MP4 na kubaki na traki zote kwa ajili ya kuhariri, ni ffmpeg -i somo.mkv -map 0 -c copy somo.mp4.